Makabati ya Jikoni: Jinsi ya Kujua Kama Kwotesheni Ina Bei ya Haki

Mwenye nyumba anayetaka kuwekewa makabati ya jikoni anaweza kuita mafundi watatu na kupewa bei tatu zisizokaribiana. Mmoja anaandika Sh120,000, wa pili Sh165,000, wa tatu Sh250,000, na chumba walichopima ni kile kile. Wengi huchukua bei ya chini wakiamini wameokoa pesa. Wengine huikwepa ya chini na kuchagua ya kati bila sababu wanayoweza kuieleza. Njia zote mbili ni za kubahatisha, na pesa zinazobahatishwa si chache: kwa familia nyingi ni akiba ya miaka, mkopo wa sacco au sehemu ya malipo ya uzeeni.

Makala hii inaeleza namna mkaazi asiye na ujuzi wa useremala anavyoweza kuisoma kwotesheni na kujua anatozwa nini. Jambo la msingi ni moja: bei haipimwi kwa jumla yake. Hupimwa kwa kuivunja vipande, kisha kila kipande kikalinganishwa na mwenzake.

Mfano wa jikoni moja

Tuseme mwalimu aliyestaafu anataka makabati kwenye kuta mbili zinazokutana pembeni. Ukuta mmoja una urefu wa mita 3 na mwingine mita 2. Anataka makabati ya chini yenye graniti juu, makabati ya ukutani, droo tatu na nafasi ya jiko la gesi. Bei zinazotumika hapa ni za mfano tu. Kila mkaazi aweke bei za maduka ya vifaa vya ujenzi yaliyo karibu naye, kwa kuwa hubadilika kutoka mji mmoja hadi mwingine na kutoka mwezi hadi mwezi.

Kwanza: vipimo

Mafundi wengi hutoza kwa mita au kwa futi ya urefu wa makabati. Hapo ndipo tofauti kubwa huanzia, hata bila nia mbaya. Mita moja ni sawa na futi 3.28. Kwa hivyo Sh8,000 kwa futi ni zaidi ya Sh26,000 kwa mita, ingawa kwa sikio Sh8,000 ni bei ya chini.

La pili ni pembe. Kuta za mwalimu zikijumlishwa ni mita 5. Lakini makabati ya chini huwa na kina cha takriban sentimita 60, na mahali kuta zinapokutana hakuwezi kukaa makabati mawili. Sentimita 60 za pembeni zikitolewa, hubaki mita 4.4. Jiko la gesi nalo linachukua sentimita 60 zisizo na kabati. Kwa hivyo makabati ya chini yanayojengwa kwa kweli ni ya mita 3.8.

Kwa upande wa juu, dirisha na nafasi iliyoachwa wazi juu ya jiko la gesi zimebakisha mita 2.4 za makabati ya ukutani. Jumla yote ni mita 6.2. Fundi aliyejumlisha kuta tu, mita 5 chini na mita 5 juu, atatoza mita 10.

Kabla ya kumwita fundi yeyote, mwenye nyumba achukue tepu na kuchora kuta zake kwenye karatasi: urefu, kimo, dirisha, mlango, bomba la maji na soketi za umeme. Mafundi wote wapewe mchoro huo mmoja. Mafundi watatu wakipimia michoro mitatu tofauti, bei zao haziwezi kulinganishwa.

Pili: bodi

Makabati mengi ya siku hizi hujengwa kwa bodi za kiwandani za futi 8 kwa futi 4. Zipo chipubodi, MDF, blokibodi na plaiwudi, na bei zake hazilingani. Zipo pia za unene tofauti. Bodi ya milimita 18 hubeba uzito na kushika skurubu vizuri kuliko nyembamba, lakini mlango ukishafungwa jicho halioni tofauti. Kwa hivyo kwotesheni inayosema “makabati ya kisasa ya MDF” bila kutaja unene haijasema kitu.

Kwa makabati ya mwalimu, hesabu ya mbavu, rafu, sakafu za makabati na milango inafikia takriban mita 19 za mraba. Bodi moja ina karibu mita 3 za mraba, lakini vipande vingine hupotea wakati wa kukata. Zitahitajika bodi 8 za milimita 18, pamoja na bodi 2 nyembamba za migongo. Fundi akiandika bodi 14, ana haki ya kuulizwa nyingine zinaenda wapi. Akiandika 5, aulizwe amepunguza nini.

Adui mkubwa wa bodi hizi ni maji. Chipubodi na MDF ya kawaida zikinyonya maji huvimba na hazirudi hali yake. Kwa sababu hiyo, kabati lililo chini ya sinki linafaa kujengwa kwa plaiwudi ya kustahimili maji, na makabati yote ya chini yasimame juu ya miguu au msingi ili maji ya kupigia deki yasiyafikie.

Kuna jaribio rahisi. Mwenye nyumba aombe kipande kidogo cha bodi itakayotumika, apime unene wake kwa rula, akitumbukize ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, kisha akipime tena asubuhi. Kilichovimba kupita kiasi kimejieleza chenyewe.

Tatu: vifaa vidogo na graniti

Bawaba, reli za droo na vishikio huonekana vitu vidogo, lakini ndivyo huharibika kwanza. Bawaba ya kawaida na ile inayofunga mlango taratibu bila kugonga huachana sana kwa bei. Kwotesheni nzuri hutaja aina na idadi. Mlango wa kawaida wa kabati unahitaji bawaba mbili, hivyo milango 10 ni bawaba 20. Mtu yeyote anaweza kuhesabu.

Graniti ndiyo mara nyingi husahauliwa, au huachwa kwa makusudi ili jumla ionekane ndogo. Mkaazi aulize kama bei ya graniti inajumuisha kukata tundu la sinki, kulainisha kingo, kusafirisha na kuweka. Aulize pia nani atanunua sinki na bomba, na nani ataliunganisha. Fundi wa mbao na fundi wa mifereji si mtu mmoja.

Nne: ujira

Ujira ndio sehemu ambayo wateja hubishania zaidi, ilhali ndio rahisi kupima. Swali ni hili: watu wangapi, kwa siku ngapi? Mafundi wawili wakifanya kazi siku kumi, Sh45,000 si pesa za kushangaza, kwani ndani yake mna kodi ya karakana, umeme, mashine, leseni ya biashara na faida. Faida ni halali. Fundi asiyejiwekea faida hana pesa za kurudi kurekebisha mlango uliolegea.

Hesabu ya mwalimu

Akiandika vipande vyote, hesabu yake inakuwa hivi:

- Bodi 8 za milimita 18, kila moja Sh5,500: Sh44,000
- Bodi 2 nyembamba za migongo, kila moja Sh2,000: Sh4,000
- Bawaba 20, kila moja Sh150: Sh3,000
- Reli za droo, jozi 3, kila jozi Sh600: Sh1,800
- Vishikio 13, kila kimoja Sh200: Sh2,600
- Kukata kwa mashine, ukanda wa kingo, gundi na skurubu: Sh6,600
- Graniti mita 3.8, kila mita Sh12,000: Sh45,600
- Usafiri: Sh5,000
- Ujira na faida ya karakana: Sh45,000

Jumla ni Sh157,600. Sasa anazirudia zile kwotesheni tatu akiwa na kitu cha kulinganishia.

Ya Sh120,000 haina graniti wala usafiri. Akiongeza Sh45,600 na Sh5,000, inafika Sh170,600. Bei iliyoonekana ya chini imekuwa juu ya ile ya kati.

Ya Sh250,000 imetoza Sh25,000 kwa mita, graniti ikiwemo, kwa mita 10. Kwa vipimo sahihi vya mita 6.2 ni Sh155,000. Tatizo halikuwa bei ya fundi bali tepu yake. Akikubali kupima upya, ni wa kuzingatiwa. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Ya Sh165,000 imezidi hesabu ya mwalimu kwa Sh7,400, lakini imetaja bodi za milimita 18, plaiwudi ya kustahimili maji chini ya sinki na dhamana ya mwaka mmoja. Tofauti hiyo inaelezeka. Tofauti ndogo kati ya hesabu ya mteja na ya fundi si wizi. Inayohitaji maelezo ni tofauti kubwa, iwe juu au chini.

Lipo pia suala la VAT, ambayo ni asilimia 16. Kwenye Sh165,000, hiyo ni Sh26,400 zaidi. Kwotesheni iseme wazi kama VAT imo ndani au itaongezwa. Fundi ambaye hajasajiliwa kutoza VAT hana ruhusa ya kuiongeza kwenye bei.

Malipo na maandishi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye ukurasa mmoja wa daftari: vipimo, aina na unene wa bodi, idadi ya vifaa, siku ya kumaliza, muda wa dhamana na sahihi za pande zote mbili. Risiti na jumbe za M-Pesa zihifadhiwe.

Pesa zisitolewe zote mwanzoni. Kwa kazi ya Sh165,000, mteja na fundi wanaweza kukubaliana Sh82,500 za vifaa, Sh57,750 baada ya mteja kuyaona makabati yakiwa karakana, na Sh24,750 za mwisho baada ya kila mlango kufunguka na kujifunga sawasawa. Pale ambapo pande hizo mbili hazifahamiani, mteja anaweza kwenda dukani pamoja na fundi na kulipia bodi mwenyewe, risiti ikiandikwa jina lake.

Sheria nayo inamlinda. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inasema kwamba makubaliano yakiwa na makadirio ya bei, muuzaji hawezi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Kwa Sh165,000, kikomo ni Sh181,500. Fundi akidai zaidi, mteja anaweza kushikilia bei ya makadirio, isipokuwa pale ambapo wamekubaliana kubadilisha bei kwa sababu mteja ameomba kazi ya ziada. Kwa hivyo anayeongeza droo mbili katikati ya kazi aandike nyongeza hiyo na bei yake siku hiyo hiyo.

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kusimamia biashara, pamoja na kuhakikisha inaendeshwa kwa haki. Mkaazi mwenye malalamiko anaweza kuanzia katika idara ya biashara ya kaunti, akiwa na kwotesheni, makubaliano na risiti zake. Mzozo usipotatuliwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa.

Mafundi pia wana faida katika utaratibu huu. Kwotesheni iliyovunjwa vipande humkinga fundi dhidi ya mteja anayeongeza kazi bila kuongeza pesa, na dhidi ya mshindani aliyepunguza bei kwa kuficha graniti.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa shilingi ya kwanza

1. Umepima mita ngapi chini na ngapi juu, na pembe umeihesabu mara ngapi?
2. Bodi ni ya aina gani, unene gani, na ni ngapi?
3. Chini ya sinki utatumia bodi gani?
4. Bawaba, reli na vishikio ni vya aina gani, na ni vingapi?
5. Graniti, sinki, usafiri na VAT vimo ndani ya bei hii?
6. Watu wangapi watafanya kazi, kwa siku ngapi?
7. Mlango ukilegea baada ya miezi sita, nani atalipia kuurekebisha?

Fundi anayeijua kazi yake atajibu maswali yote saba bila kukasirika, na majibu hayo yaandikwe kwenye kwotesheni kabla ya malipo ya kwanza.