SOMO: MIFUPA YA TURKANA NA KITABU CHA MWANZO

Somo hili tulilifundisha kwanza huko Buteba, kati ya Busia na Tororo, tulipokwenda kuwatembelea ndugu zetu. Wengi wenu mnaikumbuka njia ile. Mwanzoni mwa mwaka 2008 tulivuka mpaka pale Malaba na Busia tukiwa na mizigo kichwani na watoto mgongoni, tukapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye wengi wetu tukaletwa huku Kiryandongo. Wachache walibaki karibu na mpaka kwa jamaa na marafiki. Hao ndio tuliokwenda kuwaona, na wale ambao hawakusafiri wametuomba tuliandike somo hapa.

Maandiko ya kusoma ni Mwanzo sura ya 1 na ya 2, Ayubu 38, na Matendo ya Mitume 17:22-28. Tafadhali yasomeni kabla ya kuendelea, maana hatutayanukuu.

Lililoleta somo hili ni karatasi ya mtihani. Kijana mmoja wa kwaya, aliye Senior 4, alipewa mtihani wa majaribio wa baiolojia. Swali moja lilidai ushahidi wa mageuzi ya viumbe, yaani fundisho kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo kizazi hata kizazi, na kwamba hata mwili wa binadamu una historia ndefu nyuma yake. Kijana alijua jibu. Akaliacha wazi, na alama zikapotea. Tulipouliza, mama yake alisema mbele ya wote, "Pasta, ni mimi niliyemkataza. Nilimwambia heri akose alama kuliko kumkana Mungu."

Kijana hakusema neno hapo. Jioni, tukitembea naye kuelekea barabara kubwa, alituambia kwamba anafikiria kuacha kwaya. Alisema hajui tena anayemdanganya ni nani, mwalimu au mama.

Tulinyamaza, kwa kuwa wengine wetu tumewahi kufundisha Jumapili yaleyale aliyoyasema mama huyo.

Mgogoro huu si mpya, na haukuanzia Buteba. Mwezi wa Agosti 1984 Mkenya mmoja, Kamoya Kimeu, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kipande hicho kingeweza kuingia katika kiberiti. Waliendelea kuchimba na kuchekecha udongo hadi wakapata mifupa zaidi ya 100 ya mtoto mmoja wa kiume, aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Hakuwa sawa na sisi kabisa, maana ubongo wake ulikuwa mdogo kuliko wetu, lakini alitembea wima kama sisi. Wataalamu humwita Kijana wa Turkana.

Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yakiwa yamefungwa kwa matengenezo, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili wakiongozwa na Askofu Bonifes Adoyo walitaka mifupa hiyo isipewe nafasi ya mbele, na maelezo yake yaseme kwamba mageuzi ni nadharia tu. Richard Leakey, aliyekuwa amewahi kuyaongoza makumbusho hayo na ambaye timu yake ndiyo iliyochimba mifupa, alipinga vikali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008 na mifupa ikawekwa wazi kwa watu wote.

Sisi tunamheshimu Askofu, na hofu yake tunaielewa. Mtoto akiambiwa kwamba yeye ni mnyama tu, kesho atajiona hana thamani. Lakini kwa jambo lile hatuoni kwamba alikuwa sahihi. Mfupa ni mfupa. Kama Mungu ndiye aliyeiumba nchi, basi na vilivyomo ndani ya nchi ni vyake, na hatumsaidii kwa kuvisukuma chumba cha nyuma. Na neno "nadharia" wengi wetu tumelitumia vibaya. Katika sayansi si tetesi za sokoni. Ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi na ambayo bado yanaruhusiwa kupimwa tena.

Huko Buteba hatukuanza na mifupa, kwa sababu wengi hawajawahi kufika Nairobi kuiona. Tulianza na malaria. Akina mama walipoulizwa ni nani anakumbuka klorokwini, mikono yote ikainuka. Ilikuwa chungu, iliwasha mwili, lakini iliponya. Baadaye ikaacha kuponya. Kenya iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Uganda mwaka 2000 iliamua itolewe pamoja na Fansidar, kisha mwaka 2004 ikaamua kuhamia dawa mseto ya artemisini tunayopewa hadi leo. Nini kilitokea? Kati ya vimelea vingi walikuwamo wachache waliozaliwa na badiliko dogo lililowawezesha kuistahimili dawa. Wenzao walikufa, wao wakabaki, wakazaa, na watoto wao wakajaa nchi. Hayo ndiyo mageuzi, wapendwa, nayo yametokea ndani ya damu ya watoto wetu. Hayajakoma. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda, upande wa Gulu, wamepatikana vimelea wanaochelewa kufa hata kwa artemisini. Kwa hiyo ukipewa dawa, maliza dozi.

Mfano wa pili unagusa nyumba nyingi za mpakani. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mengi ya Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1949. Aliona kwamba chembe ya urithi ya selimundu imeenea sana pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini milimani na nchi kavu ni adimu. Mwaka 1954 alieleza sababu. Mtoto aliyerithi chembe hiyo kwa wazazi wote wawili huugua, na zamani wengi walikufa wakiwa wadogo. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu haugui ugonjwa huo, na tena hukingwa dhidi ya malaria kali. Basi penye malaria nyingi chembe hiyo iliendelea kubaki kizazi baada ya kizazi.

Hapo mama mmoja alilia. Alikuwa ameambiwa miaka mingi kwamba ugonjwa wa mwanawe ni laana ya ukoo wake. Tunasema wazi: si laana, wala si uchawi. Jambo hilo tumelijua kwa sayansi ileile ambayo tulikuwa tunawakataza vijana kuiandika.

Mzee mmoja alitupinga, na alikuwa na haki ya kupinga. Alisema kimelea kilichobadilika bado ni kimelea, hakijawa kuku. Ni kweli. Wanasayansi hujibu kwamba mabadiliko madogo yakijumlishwa kwa mamilioni ya miaka huwa makubwa, na ndiyo maana wanatafuta mifupa. Wala hawafundishi kwamba nyani wa leo alimzaa mtu. Wanasema sisi na sokwe tuna babu wa kale mmoja, kama binamu wawili walivyo na babu mmoja na hakuna aliyemzaa mwenzake.

Na Mwanzo je? Tuliisoma sura ya kwanza polepole. Jua na mwezi vinawekwa siku ya nne, ilhali jioni na asubuhi zimekwisha kuhesabiwa tangu siku ya kwanza. Msomaji makini huona mapema kwamba andiko hili halitaki kujibu maswali ya saa na kalenda. Linasema ni nani aliyeumba, kwamba aliona ni vyema, na kwamba mtu, mume na mke, amebeba mfano wake. Hayo darubini haiwezi kuyapima, wala mfupa wa Nariokotome hauwezi kuyafuta. Wapo wapendwa wanaoamini siku sita za saa ishirini na nne, na hatuwafukuzi kanisani. Tunawaomba tu wasifanye hesabu ya siku kuwa kipimo cha wokovu.

Wako pia waumini waliochimba mifupa. Shemasi Mkuu Walter Edwin Owen wa Kanisa la Anglikana alihudumu Uganda, kisha Nyanza kuanzia mwaka 1918, na aliwatetea Waafrika dhidi ya kodi na kazi za kulazimishwa hata walowezi wakamchukia. Mtu huyohuyo ndiye aliyegundua, mwaka 1933, mabaki ya wanyama wa kale katika kisiwa cha Maboko, Ghuba ya Winam. Na babu yake Richard Leakey alikuwa mmisionari Kabete, aliyeshiriki kutafsiri Biblia kwa Kikuyu. Hayo hayasemwi sana.

Jambo moja zaidi, nalo ni letu sisi tuliokimbia. Mwaka 2008 wengine wetu tuliitwa madoadoa, ati tunachafua ardhi ya wenyewe. Paulo huko Athene alisema mataifa yote yametokana na mmoja. Wachimbaji nao waliokota kando ya mto Omo, Ethiopia, mwaka 1967, mabaki ya watu kama sisi ambayo sasa yanakadiriwa kuzidi miaka 200,000, na wapimaji wa urithi wanasema watu wote wa dunia asili yao ni Afrika hii. Hakuna doa hapo.

Tulirudi kwa yule mama kabla ya kuondoka. Hakukubali yote. Alisema yeye ataendelea na siku zake sita, lakini mwanawe aandike kama alivyofundishwa, kwa kuwa kueleza somo la mwalimu si kuapa. Kijana alikuwa ameketi mlangoni, anasikia. Tumeambiwa Jumapili iliyofuata alikuja kwaya, akasimama mstari wa nyuma.

Vikundi vya nyumbani wiki hii vianze na Ayubu 38 na kuulizana: Mungu anamjibu Ayubu kwa maswali mangapi, na kwa nini hampi maelezo? Vijana waje na vitabu vyao vya baiolojia.