Kuuzoesha Moyo Shida Ndogo: Mwongozo wa Dakika 40

Mwaka 1986, nchini Marekani, Charles Murry na wenzake waliziba mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakauachia dakika 5, mara 4. Kisha wakauziba dakika 40 mfululizo. Sehemu ya moyo iliyokufa ilikuwa takriban robo tu ya ile ya mbwa wasioandaliwa. Kinga hiyo hufifia baada ya saa chache, hurejea baada ya siku moja, hudumu siku 2 au 3. Kwa wanyama wa maabara, mazoezi nayo huamsha kinga inayofanana. Mwongozo huu unatumia kutembea.

Kipindi kikali ni dakika 3 za kutembea kwa kasi. Kipindi cha nafuu ni dakika 3 za mwendo wa kawaida. Viwili hivyo, kwa mfuatano huo, ni mzunguko mmoja.

1. Pima presha kwenye zahanati. Ikiwa 180/110 au zaidi, au kama una ugonjwa wa moyo au hubanwa kifua unapopanda mlima, ishia hapa hadi daktari akuruhusu.

2. Andaa saa yenye mshale wa sekunde, viatu vya kufunga, maji nusu lita, daftari na kalamu.

3. Kaa dakika 5, kisha hesabu mapigo. Weka vidole 2 (si dole gumba) kwenye kifundo cha mkono, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Yakizidi 100, ahirisha.

4. Kokotoa kikomo cha mapigo: 220 toa umri, zidisha kwa 0.76. Mwenye miaka 40 hupata 137. Anayetumia dawa inayopunguza mapigo, kama atenolol, asifuate hesabu hii. Aende kasi ambayo anaweza kuongea lakini hawezi kuimba.

5. Anza saa 12 asubuhi, kabla jua halijakolea. Kwa aliye Shinyanga, kandokando ya Uwanja wa Kambarage panafaa. Tembea mwendo wa kawaida dakika 5.

6. Fanya kipindi kikali. Kikiisha, hesabu mapigo papo hapo. Yakipita kikomo, punguza kasi katika mzunguko unaofuata. Ukibanwa kifua, ukipata kizunguzungu au pumzi ikikata, simama na uende hospitali.

7. Fanya kipindi cha nafuu, dakika 3 kamili. Hatua hii ndiyo watu huiruka. Mchimbaji wa Geita ataniambia kwamba kupandisha viroba vya mawe kutoka shimo la mgodi kunamtosha. Hakumtoshi: ile ni shida ya saa nyingi, ndani ya joto na vumbi, bila nafuu iliyopimwa. Mbwa wa Murry waliachiwa dakika 5 kila baada ya dakika 5.

8. Rudia hatua ya 6 na ya 7 hadi mizunguko 5. Wiki ya kwanza, ishia 2.

9. Maliza kwa dakika 5 za mwendo wa kawaida. Andika tarehe, mizunguko na mapigo ya juu.

10. Pumzika siku moja, kisha rudia kuanzia hatua ya 3. Usipitishe siku 2 bila kutembea.

Usijaribu njia ya mkato ya kukinga moyo kwa kujifunga mkono kwa mpira. Hospitali za Ulaya ziliwabana wagonjwa wa mshtuko wa moyo mkono kwa mkanda wa kupimia presha, dakika 5 mara 4. Majibu ya mwaka 2019, kwa wagonjwa zaidi ya 5,000, hayakuonyesha faida yoyote.