Kijana Anapoacha Kula, Wazazi Tuseme Nini?

Somo letu la leo ni la nyumbani. Linahusu chakula cha vijana wetu wa miaka 12 hadi 19, na maneno tunayowaambia juu ya miili yao.

Tuchukue mfano. Binti ana miaka 14. Shangazi yake amekuja kusalimia. Wamekaa mkekani, sinia liko katikati. Shangazi anamtazama, anacheka: "Ala! Umekuwa pipa! Waachie na wenzio wale." Watu wote wanacheka. Binti naye anacheka. Lakini tangu jioni ile, kila akiitwa kula anasema, "Nimeshiba." Asubuhi anakwenda shule na tumbo tupu. Wiki ya tatu anaanguka mstarini. Mama anaanza kuwaza: je, ni mimba? Au kuna mkono wa mtu? Kumbe ni neno moja tu la kwenye sinia.

Shangazi hakuwa na nia mbaya. Kwetu mtu mnene tunamwambia "una afya", na aliyekonda tunamwambia "umekwisha". Mtu mzima atajibu utani. Kijana hawezi. Mwili wake unabadilika, naye anauonea haya.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Tulijifunza habari za vyakula. Habari za maneno yanayosemwa wakati wa kula zilibaki.

Sasa tutazame mwili wenyewe. Msichana anapobalehe huongezeka mapaja na nyonga. Huo si ugonjwa wala ulafi, ndivyo mwili unavyojengeka. Mvulana hurefuka haraka, akaonekana kama mwanzi. Na anakula huyo! Anamaliza sahani, anarudi kukwangua sufuria. Tusimwite mlafi. Anajenga mifupa na misuli.

Msichana akishaanza hedhi hupoteza damu kila mwezi. Anahitaji madini ya chuma kuliko kaka yake. Yamo kwenye maini, nyama, dagaa, maharage, na mboga za majani kama mchicha na matembele. Akila pamoja na chungwa, embe au limau, mwili huyapokea vizuri zaidi. Chai huyazuia, basi isinywewe pamoja na chakula. Lakini ziko nyumba ambako baba na wavulana hupakuliwa kwanza, na binti aliyepika anabakiwa na ugali na mchuzi. Hapo tujiulize wenyewe.

Turudi kwa yule mama. Aanzeje? Asimwite binti mbele ya watu, kama anashitakiwa barazani. Waongee wakiwa na kazi mikononi, tuseme wanachambua maharage.

"Mwanangu, naona siku hizi chakula hukimalizi. Kuna nini?"

"Hakuna, mama."

Mama asikemee. Anyamaze, aendelee kuchambua.

"Shangazi alisema mimi pipa."

"Nilisikia. Na mimi nilicheka. Nilikosea, mwanangu."

Neno hilo la mwisho ni gumu kwetu wazazi. Tumezoea mtoto ndiye aombe radhi. Lakini mama asipolisema, binti atayasikilizaje yale mengine ya maharage na mchicha?

Na shangazi je? Tusimtwike mama kazi ya kumkanya wifi yake, patazuka ugomvi. Baba ndiye aongee na dada yake, taratibu.

Wako pia vijana walionenepa kupita kiasi, hata huku vijijini. Tusimnyime huyo chakula peke yake huku wadogo zake wanakula. Tubadilishe chungu cha nyumba nzima. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vidogo 8. Maandazi yanakunywa mafuta. Tupunguze kwa wote, baba naye akiwemo, na tuongeze mboga na maharage. Acheze mpira, wasichana pia. Vidonge vya kukondesha au kunenepesha vinavyouzwa gulioni tusinunue kabisa. Na ile adhabu ya "hukulima, huli" tuiache.

Yako mambo ambayo maongezi peke yake hayatoshi. Kijana anakonda wiki hadi wiki. Anakohoa wiki mbili au zaidi. Ana kiu sana na anakojoa mara kwa mara. Hedhi imekatika. Anajitapisha baada ya kula. Anaanguka, kama binti yetu. Huyo apelekwe zahanati bila kungoja. Uzito wa kijana hausomwi kama wa mtu mzima. Mganga huutazama pamoja na umri, urefu, na kama ni msichana au mvulana. Na kabla mtoto hajapanda mizani, mzazi amsogelee muuguzi, amwombe asitaje kilo zile kwa sauti mbele ya foleni.