Kuvuka Namanga na Nduthi: Ulipe Nini, Wapi, na kwa Nani

Ukitoka Rongai na nduthi siku ya Jumamosi, Barabara ya Magadi ina utamu wake. Unapita Kiserian, unafika Corner Baridi, bonde linafunguka mbele yako, na kutoka hapo ni kuteremka tu hadi Magadi. Wenye moyo huendelea mpaka Shompole. Wakifika hapo wengi huanza kuuliza swali ambalo sisi pia tunaulizwa sana na wateja wa Rongai na Kitengela: Ziwa Natron si liko hapo tu mbele? Mbona nisikate nyika niingie Tanzania, nipige picha, nirudi jioni?

Hapana, usikate. Shompole haina ofisi ya uhamiaji wala ya forodha. Kwa mtu wa Kajiado, milango ya kwenda Tanzania ni Namanga, au Loitokitok ukitaka kutokea Tarakea. Wafugaji wanaopita huko na ng'ombe wana jamaa pande zote mbili na wana mazoea yao. Wewe una pikipiki yenye namba ya KM, na ukishaupita mpaka hicho ni chombo cha kigeni. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inawapa maafisa nguvu ya kukamata chombo kilichoingia nje ya njia iliyoidhinishwa. Na ukianguka huko, utamwambia nini mtu wa bima, wakati hakuna muhuri wowote unaoonyesha uliingia?

Njia ya panya inaonekana ya bure, lakini hesabu vizuri. Pikipiki nyingi mtaani kwetu ni za mkopo, na jina la mkopeshaji liko kwenye logbuku pamoja na lako. Ikishikwa Longido, deni halisimami. Utaendelea kulipa kila siku kwa pikipiki iliyolala kwenye yadi ya watu.

Basi twende Namanga. Kutoka Rongai huna haja ya kupitia mjini: shika barabara ya Kiserian hadi Isinya, halafu ugeuke kusini kupitia Kajiado na Bissil. Kutoka Isinya hadi mpakani ni zaidi ya kilomita 100. Upepo wa pale Bissil si wa mchezo, lakini lami ni nzuri.

Kabla hujawasha injini

Kwa Uganda na Rwanda, Mkenya anaweza kusafiri na kitambulisho. Tanzania haimo katika mpango huo. Utahitaji pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria. Vyote viwili huombwa kupitia eCitizen, na pesa hulipwa kwa Paybill ya serikali, 222222. Hiyo nambari ikae kichwani. Mtu akikusimamisha Namanga akakwambia "tuma hapa kwa namba yangu nikufanyie haraka", jua pesa hiyo haiendi serikalini. Ombi lako litabaki halijalipiwa, na sisi hatuna njia ya kulilazimisha liwe limelipiwa.

Kisha kuna mkanganyiko wa kadi ya njano, kwa sababu ziko mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inataka siku 10 kabla cheti hakijaanza kuhesabika, kwa hivyo kuchanjwa Ijumaa ili uvuke Jumamosi hakukusaidii. Habari njema ni kwamba tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, chanjo moja inatosha. Ya pili ni kadi ya bima ya COMESA. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini imo katika mpango wa kadi hiyo, nayo hulipia madhara utakayomsababishia mtu mwingine barabarani. Pikipiki yako mwenyewe haimo. Kadi hii huipata kwa kampuni ya bima iliyokukatia bima yako hapa Kenya, kwa hivyo lipia kwa nambari ya kampuni yenyewe na uhifadhi ujumbe. Bima ya bei ya kutupa inayouzwa kando ya barabara mpakani, tunakushauri uiache hapohapo.

Beba logbuku halisi. Kama pikipiki si yako peke yako, beba barua ya mwenyewe au ya mkopeshaji inayokuruhusu kuitoa nchini. Kuomba barua hii ndiko kunakochosha kuliko yote, na wengine hawaipati kabisa. Ukinyimwa, acha nduthi Namanga upande wa Kenya na upande matatu ya Arusha. Ni afadhali hivyo kuliko kufuatwa na kifaa cha kufuatilia alichofunga mkopeshaji chini ya kiti.

Pale mpakani

Namanga ni kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi na Rais Kenyatta na Rais Magufuli mnamo 1 Desemba 2018. Maana yake ni kwamba unahudumiwa na nchi zote mbili katika jengo moja, lile la nchi unayoingia. Ukienda Tanzania, hupigi muhuri kwenye jengo la Kenya. Unapita, unasimama jengo la Tanzania, na maafisa wa Kenya utawakuta humo ndani. Anayevuka mara ya kwanza huhisi kama amekosea njia, na hapo ndipo "wasaidizi" wa kujitolea humdaka. Ukiwa huna hakika, muulize askari mwenye sare.

Ada za serikali ya Tanzania hulipwa kwa kile wanachokiita kontrol namba. Afisa anaitoa kwenye mfumo, wewe unalipa benki au kwa laini ya simu ya Tanzania, unapata risiti. Hata faini za trafiki huenda hivyo. Kwenye bajeti ya 2021/22 faini ya pikipiki ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 za Tanzania kwa kosa moja, kwa hivyo ukisimamishwa njiani na kuambiwa kiasi kingine, uliza kwa heshima: "Afande, naomba kontrol namba." Sentensi hiyo imeokoa pesa za watu wengi.

Sasa pesa zenyewe. Usije ukadhani kwa kuwa huduma ya simu ina jina lilelile pande zote mbili, basi ni pochi moja. Akaunti ya Kenya huishika shilingi ya Kenya, na wakala wa Tanzania hawezi kukutolea kutoka kwayo. Unachoweza kufanya ni kutuma kwa nambari ya Tanzania, yako au ya mwenyeji wako, halafu zitolewe kule kwa shilingi ya kule. Laini ya Tanzania husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Usikubali kuuziwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, maana siku akiifunga ameondoka na salio lako.

Unapotuma, angalia msimbo wa nchi: sisi ni 254, wao ni 255. Tofauti ni tarakimu moja. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na usome kiwango cha kubadilisha na ada, ambavyo vinaonyeshwa kabla hujathibitisha. Pesa zikishapokelewa na kutolewa ng'ambo, kuzirudisha kunategemea kampuni ya kule na aliyezipokea, si sisi peke yetu.

Wabadilishaji wa pembeni watakuita tangu hujavua helmeti. Tuseme shilingi moja ya Kenya ni 19 za Tanzania. Kwa 10,000 zako unapaswa kupata 190,000, yaani noti 19 za elfu kumi. Akikupa kwa 17.5, unapata 175,000. Umeacha 15,000 mkononi mwake, karibu 790 za Kenya. Wengine hawachezi na kiwango hata, wanakunja noti katikati ili moja ihesabiwe mara mbili. Pokea za kwao kwanza, uzihesabu zikiwa zimenyooka, ndipo utoe zako. Na ukivuka lazima uwe na shilingi ya Tanzania, kwa sababu tangu Machi 2025 kanuni za kule zinakataza kuuza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na yetu kule ni ya kigeni.

Kama mpango wako ni biashara, simama kidogo. Agizo la Tanzania la Julai 2025 liliwazuia wasio raia kufanya kazi kadhaa ndogondogo, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu na kusambaza vifurushi ndani ya nchi. Kumpelekea shangazi zawadi ni sawa. Kusambaza mizigo ya wateja mjini Arusha si sawa.

Mpaka nao hubadilika. Wazee wa Namanga wanakumbuka Februari 1977 Tanzania ilipoufunga Jumuiya ya zamani ikivunjika. Ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Mei 2020, wakati wa korona, Kenya iliufunga kwa watu na kuacha mizigo, na madereva wakalala foleni wakisubiri vipimo. Kwa wanaopanga safari ndefu zaidi: Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ilifungwa 2019 hadi Januari 2022, na Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Sikiliza habari usiku wa kuamkia safari. Tenga pia nauli ya kurudi na pesa ya mafuta kwenye akaunti yako ya Kenya, usiibadilishe yote.

Wakati wa kurudi, utaratibu unageuka: unapita jengo la Tanzania na kusimama la Kenya. Hakikisha karatasi ya pikipiki imefungwa kwamba imetoka Tanzania, la sivyo mfumo wao utaendelea kuihesabu iko kule. Jumbe za malipo zihifadhi mpaka ufike Rongai, hata kama simu inalia kwamba imejaa. Futa picha kwanza.