Usiku wa nyota nyingi ndio wa kuogopwa

Julai ikishaingia Makete na Njombe, wakulima hulalamikia mawingu: ukungu hauondoki, manyunyu hayakatiki, jua halionekani. Jua lenyewe liko kaskazini ya ikweta, na upepo wa kusi unaleta hewa ya baridi kutoka mbali. Hali hiyo huwapa hofu ya haki wenye viazi, maana bakajani chelewa hupenda majani yaliyolowa. Jalidi, hata hivyo, haifuatani na wingu. Huja usiku ambao kila mtu anausifu kwa nyota zake.

Mchana ardhi hupokea joto la jua, usiku huliachia liende juu. Wingu likitanda, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa chini. Anga likiwa jeupe, hewa kavu na upepo umetulia, joto hutoroka moja kwa moja, na majani hupoa kuliko hata hewa inayoyazunguka. Kipimajoto kilichotundikwa usawa wa kifua kinaweza kuonyesha nyuzi 2 au 3 za sentigredi ilhali jani la kiazi hapo chini limeshapita sifuri. Anayesubiri kusikia redioni kwamba sifuri imefika atakuwa amechelewa.

Hewa ya baridi ni nzito. Huteremka polepole na kutuama bondeni, na bondeni ndiko vilipo vinyungu, yaani bustani za kiangazi, kwa kuwa maji ya kiangazi yako huko. Mkulima hawezi kuhamisha maji, lakini anaweza kupanga mazao: kabichi na karoti, zinazostahimili baridi, zikae chini, maharage, nyanya na viazi vipandwe juu kidogo, mteremkoni. Ua uliosongamana upande wa chini wa shamba huifungia hewa hiyo ndani. Utobolewe.

Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana vizuri kuliko mkavu, kwa hiyo kumwagilia mapema, jua likiwa bado kali, kuna faida usiku. Kwenye matandazo, ushauri wa kila siku hugeuka. Nyasi kavu huzuia jua lisipashe udongo, kisha usiku huzuia joto lililomo lisiyafikie majani. Zisogezwe kando zamu ya jalidi ikikaribia. Miche ifunikwe kabla jua halijatua na kufunuliwa likishapanda.

Na moshi? Unasifiwa kuliko unavyostahili. Chembe zake ni ndogo mno kulizuia joto linalotoka ardhini. Kinachosaidia, tena kidogo, ni moto wenyewe.

Saa mbaya zaidi ni karibu na mapambazuko. Barafu hujijenga kwanza baina ya seli za jani na kuzinyonya maji, ndiyo maana jua likipiga jani hulegea kama mchicha uliochemshwa, halafu huwa jeusi. Hewa ikiwa kavu sana, weupe hauonekani kabisa, na mkulima hushangaa shamba limeungua bila jalidi.

Asikimbilie kung'oa wala kupogoa. Kiazi chenye macho mazima ardhini kinaweza kuchipua tena. Mparachichi mchanga nao huchukua wiki kadhaa kuonyesha ulipo uhai wake. Akiukata asubuhi hiyo hiyo, huenda akaondoa tawi lililo hai na kuamsha machipukizi laini yatakayokutana na jalidi ya Agosti.