Sauti Ninayo, Studio Nianzie Wapi?

SWALI: Naishi Mkunazini, Mji Mkongwe. Watu huisifu sauti yangu, nami nataka kuigiza sauti za tamthilia na matangazo nikiwa nyumbani. Nianzie wapi?
Msomaji, Unguja

JIBU: Anzia ukutani. Kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe huzuia kelele za nje, lakini zikiwa tupu hurudisha mwangwi. Piga kofi moja katikati ya chumba. Mlio ukibaki hewani, tundika mablanketi mazito, simamisha godoro nyuma yako, au rekodi mbele ya kabati lililojaa nguo. Zima feni. Subiri baada ya Isha, pikipiki zikipungua. Weka kipaza sauti shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi za P na B zisikipige. Kwa kuhariri, programu ya Audacity ni ya bure.

Kazi ipo. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Azam TV nayo huonesha za Kituruki. Nawe una mtaji: Kiunguja ndicho msingi wa Kiswahili sanifu.

Lakini lafudhi pekee haitoshi. Kila siku soma kwa sauti dakika 20: habari, tangazo, ugomvi wa mama na mwana. Jirekodi, chagua vipande vitatu bora, jumla dakika moja, uwapelekee watayarishaji.

Usirekodi kazi ya mtu bila mkataba unaotaja malipo na matumizi ya sauti yako. Sauti ni mali, ilinde.