Imevunjika au imevunjwa? Kupima madhara ya makombora ya ndege katika programu ya kuigiza vita

1. Swali

Makala hii inahusu jaribio nililolifanya kwenye kompyuta, katika programu inayoigiza ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nilitaka kujua kombora la mzinga wa ndege linaharibu kiasi gani. Ugumu wa kwanza uko katika kitenzi chenyewe: bati lililotoboka, tangi linalowaka na bawa lililokatika, vyote "vimeharibika". Neno pana hivyo halipimi kitu.

2. Makombora

Nililinganisha mizinga miwili ya milimita 20. Kombora la Hispano, mzinga uliotumiwa na Waingereza, lina uzito wa takribani gramu 130, na ndani yake vilipuzi kama gramu 10. Ganda lake ni nene. Hupenya, kisha hutawanya vipande vya chuma. MG 151/20 ya Wajerumani ilirusha, pamoja na mengine, kombora la ganda jembamba: takribani gramu 92 tu, lakini vilipuzi kama gramu 18. Hilo hutegemea zaidi mlipuko. Likipasuka ndani ya bawa, msukumo wa hewa hubandua mabati kutoka ndani.

Kwa hiyo kuuliza lipi "lina nguvu zaidi" hakutoshi. Moja hutoboa, jingine hupasua.

3. Njia

Niliiweka ndege lengwa ardhini, injini imezimwa. Nilipiga kutoka umbali uleule, sehemu ileile ya bawa, aina moja ya kombora katika mkanda, kombora moja kwa kila pigo. Nilirudia mara 10 kwa kila aina, kwa sababu programu huacha baadhi ya mambo kwa bahati nasibu. Baadaye nilirudia jaribio angani.

4. Lugha ya daftari

Kiswahili kina jozi zinazofaa kazi hii: toboa na toboka, pasua na pasuka, vunja na vunjika. Kitenzi cha pili katika kila jozi hueleza hali ya kitu bila kumtaja mtendaji. Kauli ya kutendwa, kama "limevunjwa", humleta mtendaji hata asipotajwa.

Basi nilijiwekea kanuni: ninachokiona nakiandika kwa kauli ya hali, kauli ya kutendwa naiandika pale tu ambapo hakuna sababu nyingine inayoweza kueleza tukio.

5. Matokeo

Ardhini kanuni hiyo ilionekana kama mapambo. Ndege imesimama, kombora ni moja. "Bawa limepasuliwa" ni sentensi salama. Angani mambo yalibadilika. Bawa lililopigwa liliendelea kubeba ndege iliyokwenda sawasawa, kisha likakatika rubani alipokata kona kali. Je, limevunjwa na kombora? Daftari langu linasema: "Bawa limedhoofishwa na kombora, likavunjika katika kona." Sentensi hiyo ina sababu mbili, na kila moja ina kitenzi chake. Anayeandika "limevunjwa" tu humpa kombora kazi iliyofanywa pia na uzito wa ndege katika kona.

Tofauti hii hugeuza hesabu. Anayehesabu mabawa yaliyokatika bila kutazama mwendo wa ndege anaweza kulisifu kombora kwa kosa la rubani.

6. Hitimisho

Jaribio hili linathibitisha nini? Programu ni matini: waandishi wake wameamua bawa lina uimara gani na mlipuko unafika wapi. Matokeo yangu yanasema habari za kanuni zao, si za chuma cha mwaka 1943. Kudai zaidi kunahitaji ushahidi wa nje, kama majaribio ya wakati wa vita ambapo makombora yalipigwa kwenye ndege halisi zilizowekwa ardhini.

Nasi wanafunzi wa lugha tuna sehemu yetu. Kabla ya kuamini ripoti yoyote ya madhara, tutazame kauli ya kitenzi na kuuliza: mwandishi aliona kitu kimevunjika, au anajua nani amekivunja?